Mrejesho: Gitaa nimepata, na Kichina tumekula

Habari zenu wakuu. Wiki mbili zilizopita niliuliza nikague nini ninaponunua gitaa langu la kwanza. Ushauri wenu umeniokoa, asanteni sana.

Jumamosi tulishuka Kariakoo watatu: mimi, rafiki yangu mpiga kinanda wa kwaya, na mwenzetu aliyekuwa anatafuta filimbi. Gitaa la kwanza lilikuwa linang'aa, nikalipenda papo hapo. Nikakumbuka mlivyosema: piga uzi ukiwa wazi, kisha bonyeza freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyolala kwenye shingo ya gitaa) upige tena, isikike noti ile ile oktavo moja juu, yaani ile ile ila nyembamba zaidi. Wapi! Sauti ilipishana kabisa. Nikafumba jicho moja nikaitazama shingo kama seremala anavyotazama ubao, kumbe imepinda. Duka la tatu ndipo nikapata la nyuzi za nailoni, haziko juu sana, na muuzaji alinitunia zote sita bila haraka. Filimbi nayo ikapatikana hapo hapo.

Njaa ikatupeleka mgahawa wa Kichina kule Upanga. Tuliagiza jiaozi (vitu kama sambusa laini za Kichina), wali wa kukaanga na mapo tofu (vipande laini vya soya kwenye mchuzi wa pilipili ya Sichuan). Jamani, ile pilipili ya Sichuan haiwashi kama pilipili yetu, inatia ganzi midomo! Nimeipenda mno. Gitaa nalo tukalipatia kiti chake.

Aliyeniambia nisiende peke yangu, Mungu akubariki. Sasa kwenye gitaa, kuhama kutoka kodi (chord, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya C kwenda G bado kunanichelewesha. Mwenye mbinu anisaidie.