CUF, kabla hamjaja kuomba kura Temeke, tuambieni ile ya 2015 mliipeleka wapi

Wakuu, salaam. Leo nina hasira, mnivumilie.

Kuelekea uchaguzi wa Oktoba 2025, "Haki sawa kwa wote", kaulimbiu ya CUF (Chama cha Wananchi), ilisikika tena, eti CUF inarudi kwa wananchi. Inarudi kutoka wapi? Nani aliwafukuza?

Mwaka 2015 hapa Temeke tulikesha nje ya kituo. Fomu ya matokeo imebandikwa ukutani, tunaisoma kwa tochi ya simu, tukiona kura za Abdallah Mtolea, mgombea ubunge wa CUF, tunapiga kelele mpaka sauti zinakauka. Vijana wamelinda kura na njaa zao. Mwaka 2018 mheshimiwa akajiuzulu, akahamia CCM, akarudi bungeni bila kupingwa. Bila kupingwa! Kinondoni, mbunge wa CUF Maulid Mtulia alishatangulia kujiuzulu na kuhamia CCM.

Mtasema wale wamehama kwa tamaa zao, chama hakikuwatuma. Haya, na mwenyekiti wenu Profesa Lipumba je? Agosti 2015, kampeni ziko mlangoni, akaachia uenyekiti kwa kuwa hakumkubali Lowassa, aliyetoka CCM akawa mgombea urais wa upinzani. Hilo kusema kweli nilimheshimu. Kumbe! Mwaka uliofuata akaudai uenyekiti kama mtu aliyesahau mwavuli kwa jirani, Msajili wa Vyama vya Siasa akamtambua, wafuasi wake wakaingia ofisi kuu ya chama Buguruni kwa nguvu huku polisi wapo. Julai 2017 wabunge wenu wanane wa viti maalum wakatimuliwa. Machi 2019 Mahakama Kuu ikampa Lipumba ushindi kwenye mgogoro wa uenyekiti, na siku hiyo hiyo Maalim Seif, Katibu Mkuu aliyekuwa akivutana naye, akaenda zake chama cha ACT-Wazalendo, Zanzibar ikamfuata.

Watu walikufa kwa ajili ya chama hiki kwenye maandamano ya Zanzibar, Januari 2001! Wengine walivuka bahari kutoka Pemba hadi Shimoni, Kenya, wakiwa wakimbizi. Ndicho mlichokuwa mnagombania mihuri na funguo za ofisi.

Desemba 2024 mlifanya uchaguzi wa ndani, mkamchagua mwenyekiti yule yule wa tangu 1999, Lipumba, ukitoa ule mwaka aliosusa. Halafu mnatuambia chama kipya.

Fulana na kofia kaeni nazo. Nataka mgombea wenu wa Temeke apande jukwaani Tandika, mwenyekiti akiwa pembeni yake, aulizwe mbele ya watu: ukihama tena na kura zetu, nani atakuja hapa kutujibu?