Vidonge vya kuongeza damu vinanitesa tumbo, naomba ushauri

Wakuu, habari zenu. Nilipima damu ikasoma 8.4, wakati mwanamke anatakiwa awe na 12 kwenda juu. Chanzo ni hedhi nzito. Daktari kaniandikia feras salfeti (vidonge vya madini ya chuma) ya miligramu 200, kutwa mara tatu. Choo cheusi tii hakinitishi, niliambiwa ndivyo dawa ilivyo. Kinachonishinda ni kichefuchefu na kufunga choo.

Nikimeza na chakula napata nafuu, ila mfamasia anasema tumbo likiwa tupu ndiyo chuma kinaingia vizuri, na chai nikae nayo mbali (hapo ndipo pagumu!). Nasikia wengine siku hizi wanaandikiwa kimoja tu kwa siku, au siku moja wanameza, inayofuata wanapumzika.

Mliopitia hili, nikamwombe daktari apunguze dozi? Na damu ikishapanda, mliendelea navyo kwa muda gani?