Naomba ushauri: baba ana kisukari, ameletewa bangi

Assalaam alaykum ndugu zangu. Baba yangu, mkaazi wa Wete, ana kisukari cha aina ya pili na anatumia dawa ya metformini; jana asubuhi, kabla hajala, kipimo cha sukari kilisoma 11.4 mmol/L. Jirani amemletea majani ya bangi yaliyorowekwa kwenye chupa ya asali (asali, kwa mgonjwa wa sukari!), akitegemea utafiti wa Marekani wa mwaka 2013 uliokuta kuwa wavutaji wa bangi walikuwa na insulini (homoni inayodhibiti sukari mwilini) pungufu kwa asilimia 16 kabla ya kula. Nimemueleza kuwa huo ni uhusiano tu, haukuthibitisha tiba, na kwamba sheria inakataza, hakushawishika. Chupa nimeificha, naye baba anaiulizia kila siku. Je, bangi inaweza kuingiliana na metformini? Na nimkatalie vipi mzee bila ya kumvunjia heshima?