Wageni wa bara na watoto wadogo Disemba hii: joto, usingizi na bahari

Mama Mtambo

Salaam aleykum wenzangu, na kwa ndugu Wakristo, heri ya Krismasi mapema.

Wifi yangu aja kutoka Nyahururu na watoto watatu: mmoja wa miezi 9 (bado anyonya, ameanza uji), wa miaka 3 na wa miaka 6. Wangu ana miaka 2. Watafika tarehe 20 na kuondoka tarehe 2 Januari. Twakaa Bamburi Mtambo, hapa Mombasa, ghorofa ya juu kabisa, vyumba viwili, juu yetu ni zege tupu. Feni ni mbili, AC hakuna. Maji ya bomba huja siku mbilitatu kwa wiki, siku zilizobaki ni ya kisima na yana chumvi.

Watoto hawa hawajawahi kufika Pwani. Nataka kujua: watalalaje usiku bila kulia kwa joto? Bahari tuwapeleke saa ngapi, na siku zipi? Na chakula cha sikukuu, nini nisiwape? Naombeni majibu ya kufanyika nyumbani, si ya hotelini.

Nesi wa Kisauni

Waaleykum salaam dada. Anza na siku tatu za mwanzo, hapo ndipo wengi hukosea. Mtoto wa baridi hutaka wiki moja hadi mbili mwili wake uzoee joto la kwetu. Wageni nao huwa na hamu ya bahari siku ile ile waliyoshuka kwenye basi. Usikubali. Wafike, waoge, wanywe, walale. Tarehe 21 na 22 watoke asubuhi mpaka saa tatu, kisha jioni baada ya saa kumi. Saa tano mpaka saa tisa wawe ndani, mkeka chini, michezo ya kukaa.

Ghorofa ya juu ina shida yake. Zege hunywa jua mchana kutwa na kulitoa usiku, ndiyo maana chumba hukataa kupoa mpaka saa tano au sita za usiku, na watoto walala saa mbili. Teremsha magodoro sakafuni. Pazia za upande wa machweo zifungwe tangu saa sita mchana. Jua likishazama, fungua dirisha la upande unakotoka upepo wa kaskazi, yaani kaskazini mashariki, na lile lililo mkabala nalo, na mlango wa katikati uwe wazi, upepo upate njia. Feni moja iweke dirishani ikitazama nje, iitoe ile hewa moto. Ya pili izunguke chumbani.

Kutundika leso mbichi mbele ya feni hakusaidii sana Mombasa. Hewa yetu tayari ina unyevu, leso haikauki upesi, na chumba kikiwa kimefungwa unaongeza fukuto. Mpanguse mtoto mwenyewe kwa kitambaa kibichi shingoni, kwapani na mapajani, kisha feni impige. Maji yawe ya kawaida. Ya barafu humtetemesha, na kutetemeka huzalisha joto.

Kujua kama amezidiwa, gusa kisogo au kifua, mikono hudanganya. Kisogo kikiwa na jasho, punguza nguo. Huyo wa miezi 9 yamtosha nepi peke yake, alazwe chali, bila mto wala shuka zito. Na wote walale ndani ya chandarua chenye dawa kilichochomekwa chini ya godoro. Chandarua hupunguza upepo, kweli, kwa hiyo feni iwe karibu zaidi, lakini kisiondolewe. Nitarudi kwenye jambo hili.

Mama Pacha wa Tudor

Nyongeza ndogo. Harara ikiwatoka, waogeshe kisha poda nyingi shingoni na mgongoni, au mafuta ya nazi. Ndiyo dawa yetu ya siku zote.

Nesi wa Kisauni

Mama Pacha, hapa sikubaliani nawe, nakueleza kwa heshima. Harara hutokea kwa sababu vitundu vya jasho vimeziba, jasho likabaki chini ya ngozi. Ukipaka mafuta, ya nazi au ya mgando, umeziba zaidi. Poda nayo hulowa jasho ikawa uji kwenye mikunjo ya shingo, na vumbi lake mtoto mchanga hulivuta kifuani. Kinachoponya ni ngozi kupoa na kukauka: kuoga mara mbili au tatu kwa siku, sabuni mara moja tu, kumkausha kwa kugusagusa bila kusugua, na kumwacha kifua wazi. Nguo ziwe za pamba. Gauni za sikukuu zenye nailoni na shada kiunoni zivaliwe kwa picha, kisha zivuliwe. Harara ikipoa hupungua ndani ya siku mbilitatu. Ikitoa usaha au mtoto akipata homa, aonwe na daktari.

Kwa wale wenye nepi, wape angalau nusu saa asubuhi na nusu saa jioni bila nepi, juu ya leso iliyokunjwa mara nne.

Mzee wa Ngalawa, Nyali

Mwanangu, kwa bahari usiangalie saa peke yake. Angalia mwezi. Chukua ile kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu, itakuambia maji kuliko mtu yeyote.

Siku mbilitatu baada ya mwezi kuandama, na tena kama tarehe 15 hadi 17, ni bamvua. Maji yanakupwa sana karibu saa nne au saa tano asubuhi, mpaka miamba yaonekana, na yanajaa sana karibu saa kumi alasiri, yafika ukutani. Sasa wageni wengi hutoka nyumbani saa kumi hiyo hiyo, jua likishapoa, wakute maji marefu na mawimbi yapiga ngazi. Mtoto wa miaka 3 hana pa kusimama. Jioni ya bamvua kaeni juu mchangani mle mihogo, msiingie.

Karibu tarehe 8 hadi 10, na 22 hadi 24, ni maji mafu. Hapo maji hayajai sana wala hayakupwi sana, na jioni saa kumi huwa yametulia chini. Siku hizo ndizo zenu. Nendeni saa kumi, mrudi kabla jua halijazama. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo ukishajua ya leo waweza kuhesabu ya kesho.

Asubuhi za bamvua, kama saa tatu, maji yakitoka hubaki vidimbwi vya kufika kwenye vifundo vya miguu, watoto huvipenda sana. Viatu ni lazima, vya plastiki vilivyofungwa nyuma, maana kuna miamba mikali na wale wadudu weusi wenye miiba mirefu. Mwiba ukiingia, loweka mguu kwa maji ya moto kadiri mtoto anavyoweza kustahimili, nusu saa hadi saa moja na nusu. Jaribu kwanza kwa kiwiko chako. Uliozama ndani au ulio kwenye kiungo, nenda hospitali, usiuchimbe kwa sindano. Konyeza, yule mnyama laini wa baharini awashaye ngozi, akiwachoma, suuza kwa maji ya chumvi ya bahari. Maji ya chupa yasiyo na chumvi na kusugua kwa mchanga huzidisha sumu.

Tena jihadhari na yale matyubu meusi ya kukodi pale Public, ule ufuo wa umma wa Bamburi. Mtoto huelea, upepo na maji yanayotoka humvuta taratibu, na mzazi aona kama amesimama pale pale. Maji yakitoka hukimbilia kwenye mlango wa mwamba. Kwa hawa wadogo, mtu mzima awe umbali wa mkono, maji yasipite magoti ya mtoto.

Siku ya 25, 26 na Januari mosi Public hufurika. Watu wazima sita mkikaa pamoja mkipiga gumzo, kila mmoja adhani mwenzake anatazama. Fanyeni hivi: leso moja nyekundu, mwenye kuivaa begani ndiye mlinzi. Hali chakula, hashiki simu, hapigi picha. Baada ya dakika 20 amvisha mwingine na kumwambia kwa mdomo, "Watoto ni wanne, wale pale." Mtoto anayezama hapigi kelele. Husimama wima majini, kichwa nyuma, mdomo usawa wa maji, mikono yasukuma chini, na kwa mbali hufanana na anayecheza.

Wavae fulana za rangi ya chungwa au nyekundu. Bluu na nyeupe hupotea majini. Namba ya simu iandikwe kwa kalamu ya wino mkononi, juu ya kiwiko.

Jiko la Majengo

Nami nishike upande wa sahani. Wali wa nazi na mbaazi za nazi huharibika upesi, tui halisubiri. Disemba usiache juu ya meza zaidi ya saa mbili. Kilichobaki kitandaze kwenye sinia kipoe haraka, kisha friji. Sufuria nzima ya pilau iliyofunikwa hukaa moto katikati mpaka usiku, na humo ndimo vijidudu vya wali huzaa na kutoa sumu. Kupasha moto kesho yake kwaua vijidudu, sumu yabaki. Kwa hiyo pilau iliyolala mezani usimpe mtoto hata ikinukia vizuri vipi.

Maembe ni msimu wake, na watoto wa bara watayavamia. Osha, kata upande wa kikonyo kwanza, acha utomvu udondoke, osha tena ndipo umenye. Ule utomvu ndio unaowababua midomo, watu wakadhani ni embe lenyewe.

Mabuyu: usimpe aliye chini ya miaka 4, hata kama mwenzake wa miaka 6 anayo mkononi. Ile mbegu ngumu, yenye utelezi wa sukari na mate, ina ukubwa wa kuziba koo. Karanga na peremende vivyo hivyo. Akipaliwa na asiweze kukohoa, aliye chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi mkononi mwako, kichwa chini kidogo, umpige mara 5 katikati ya mabega kwa kiganja, kisha mgeuze umbonyeze mara 5 kifuani kwa vidole viwili. Aliye zaidi ya mwaka: mara 5 mgongoni, kisha mara 5 umkumbatie kwa nyuma na kumbonyeza juu ya kitovu kuelekea juu. Rudia hadi kitoke, huku mwingine akitafuta gari. Usichokore koo kwa kidole kama hukioni kitu, utakisukuma ndani.

Viazi karai na bajia hazina ubaya zikitoka motoni. Chatne ya ukwaju na pilipili iwe pembeni. Sharubati za mitaani ziacheni kwa sababu ya barafu, maji yake hayajulikani.

Mama Mtambo

Ahsanteni sana, Mzee, nimeshatundika kalenda jikoni. Nesi, umesema utarudi kwenye chandarua. Na haya maji ya kisima, nikiyachemsha yatafaa kwa uji na kwa ORS, ile poda ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, mtoto akiharisha?

Nesi wa Kisauni

Kuchemsha kwaua vijidudu, chumvi yabaki pale pale, na maji yakipungua kwa mvuke huwa na chumvi zaidi. Ya kisima yawe ya kuogea na kufulia. Uji, maji ya kunywa na ORS zote zitoke kwenye maji ya bomba yaliyochemka dakika moja kamili yakitokota, au ya chupa. Weka mitungi miwili ya lita 20 yenye mfuniko kwa kazi hiyo tu, na uchote kwa kumimina, si kwa kutia kikombe. Siku maji ya bomba yakija, hiyo ijazwe kwanza.

ORS: soma pakiti, nyingine ni ya nusu lita na nyingine ya lita nzima. Ukikosea inakuwa kali au haifai kitu. Pakiti zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chini ya miaka 2, mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha majimaji. Wakubwa zaidi, 100 hadi 200. Akitapika, ngoja dakika 10, uanze tena kijiko kimoja kimoja. Dafu ni zuri kwa kiu, halichukui nafasi ya ORS. Ongeza zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14. Wa miezi 9 aendelee kunyonya, mara nyingi zaidi ya alivyozoea kwao.

Mpeleke hospitali akikaa saa 6 bila mkojo, utosi ukibonyea, akilia bila machozi, choo kikiwa na damu, au akiwa mlegevu hanywi. Na aliyechemka kwa jua, akawa moto sana na aongea ovyo au hazinduki vizuri, dawa ya homa haitamsaidia. Mvue nguo, mlowanishe, mpepee, na mwende saa hiyo hiyo.

Sasa chandarua. Watoto wa Nyahururu hawana kinga ya malaria waliyoijenga, na Pwani malaria ipo. Ugonjwa huchukua siku 7 au zaidi tangu kuumwa na mbu mpaka homa. Maana yake, aliyeumwa hapa tarehe 28 ataugua akiwa kwao, Januari, mahali ambapo daktari aweza kufikiria mafua kwanza. Mwambie wifi yako: homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya safari, apimwe malaria siku hiyo hiyo, na aseme mwenyewe, bila kungoja kuulizwa, kwamba watoto walikuwa Mombasa. Mwandikie tarehe ya kufika na ya kuondoka ndani ya vile vitabu vya kliniki vya watoto kabla hawajapanda basi.