Ukuta wa kambi ya Wajerumani unaliwa chini: lipu ya saruji au chokaa?

Kijukuu_Mpwapwa
Wakuu, salaam. Kuna jengo la zamani la askari wa Kijerumani huku kwetu Mpwapwa, mkoani Dodoma, kuta za mawe unene wa sm 60 hivi. Lilipigwa lipu ya saruji zamani. Sasa kuanzia chini hadi usawa wa kiuno lipu imevimba, ukigonga inalia wazi kama debe tupu, na unga mweupe unatoka. Kamati inataka kubandua na kupiga saruji kali zaidi, saruji moja kwa mchanga tatu. Ni sawa? Na tutajuaje kipi ni cha Wajerumani na kipi kiliongezwa baadaye?

Mwiko_na_Pima
Msifanye hivyo. Saruji ndiyo ugonjwa wenyewe. Mawe ya kuta hizo yameunganishwa kwa udongo au chokaa dhaifu, na kuta hazina kizuizi cha unyevu kwenye msingi. Maji hupanda toka ardhini, yakikuta saruji hayana pa kutokea, yanazidi kupanda. Chumvi yake, ndiyo huo unga mweupe, inaganda nyuma ya lipu na kusaga viungo. Mkiongeza ukali wa saruji, unyevu utafika madirishani.

Anzeni nje. Mara nyingi udongo umerundikana miaka mingi hadi ukapita sakafu ya ndani. Ushusheni uwe sm 15 hadi 20 chini ya sakafu, kisha mfereji wenye mteremko kuelekea mbali na ukuta. Msichimbe chini ya kitako cha msingi! Dodoma inapata mm 550 hadi 600 tu kwa mwaka, lakini karibu zote ni Desemba hadi Aprili, kwa kishindo, na bati lisilo na mfereji wa paa linamwaga yote mguuni pa ukuta.

Lipu ibanduliwe kwa patasi na nyundo ndogo, mkianzia palipolia wazi. Palipong'ang'ania jiwe, acheni kwanza kuliko kung'oa uso wa jiwe. Chumvi ifagiliwe kavu na itupwe mbali. Ukiiosha inarudi ndani. Acheni ukuta upumue kiangazi chote.

Ndipo chokaa moja kwa mchanga tatu, mkipima kwa ndoo, siyo kwa koleo. Chokaa ya mfuko ilowekwe tangu jana yake. Kila koti, yaani tabaka la lipu, lisizidi mm 10. Upepo wa huku ndio adui: chokaa ikikauka haraka inabaki unga. Tundikeni magunia ya katani yaliyolowa kwa wiki nzima.

Boriti
Kuhusu umri, tazameni vifaa. Reli ilifika Dodoma 1910. Kabla ya hapo mizigo ilibebwa na wapagazi, kwa hiyo mjenzi alitegemea mawe, udongo na miti ya karibu. Vipande vya reli juu ya milango, au saruji kwenye viungo vya mawe, ni dalili ya baada ya hapo. Tafuteni pia matundu ya bunduki yaliyozibwa: membamba nje, mapana ndani. Matofali ya bloku ni ya juzi tu. Pigeni picha kila ukuta kabla ya patasi kugusa.

Kumbukumbu_Kati
Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. La Wajerumani linahitaji tamko la Waziri kwenye Gazeti la Serikali. Ulizeni kama lenu limetangazwa. Likiwa limetangazwa, hamruhusiwi kugusa bila kibali cha maandishi.

Kijukuu_Mpwapwa
Asanteni sana. Mchanga wa korongo unafaa?

Mwiko_na_Pima
Upimeni, mkuu. Jazeni chupa nyeupe inayoonyesha ndani nusu mchanga, nusu maji, chumvi ya mezani kijiko kimoja, tikiseni, iacheni hadi kesho. Tabaka la tope juu likiwa nene kuliko kidole kwenye chupa ya lita moja, uosheni au tafuteni korongo lingine. Tope nyingi inaleta nyufa za buibui. Mchanga wenyewe, kabla ya kutia hiyo chumvi ya mezani, ukiuonja ukawa na chumvi, achaneni nao kabisa, mtakuwa mnarudisha ugonjwa ukutani.