Mashine ya kupumulia usingizini na moto unaokatika usiku: betri gani inatosha?

MamaIbanda, Bukavu

Ndugu zangu, ninaomba ushauri kabla sijatoa pesa. Mume wangu ana apnea ya usingizi, yaani pumzi yake hukatika mara kwa mara akiwa amelala, na tangu mwaka jana analala na mashine ya CPAP inayomsukumia hewa kupitia maski. Mashine hiyo ilimrudishia usingizi wake, na wangu pia. Shida iliyobaki ni moto, yaani umeme. Hapa Ibanda delestaji (kukatiwa moto kwa mgao) haina saa: moto unaweza kuwaka jioni nzima, kisha ukakatika saa saba usiku, wakati nyumba nzima imelala. Juma lililopita nilishtuka kumsikia akihangaika gizani na mikanda ya maski. Mashine ilikuwa kimya na shuka lake limelowa jasho.

Nimeuliza watu watatu nikapata majibu matatu. Muuzaji wa kompyuta ananipa kile kisanduku cha betri kinacholia moto ukikatika. Shemeji yangu anataka tununue grupu (jenereta) dogo la petroli. Fundi wa jirani anasema bila betri ya Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri), kigeuzi (inverter) cha wati 1000 na pano (paneli) mbili za sola, nisihangaike. Sisi tuna dola 350. Kwenye chaja ya mashine pameandikwa volti 24 na wati 90. Nikizidisha 90 kwa saa 8 napata 720, na fundi anasema hiyo ndiyo sababu ya betri kubwa. Je, hesabu hiyo ni sahihi?

FundiJua, Bukavu

Mama, umezidisha sawasawa. Kilichopotoka ni namba uliyoanza nayo. Wati 90 ni kikomo cha umeme ambao chaja inaweza kuutoa, wala si kile ambacho mashine inakula usiku kucha. Mota inayosukuma hewa hula kidogo sana, mara nyingi chini ya wati 15 kwa wastani. Mlaji halisi ni joto: sahani inayopasha maji katika kile chombo cha kulainisha hewa na, kama mnao, mpira wa kupitishia hewa wenye waya wa joto ndani yake. Ukizima hivyo viwili, mashine ileile iliyokuwa ikimaliza betri kabla ya alfajiri inaweza kwenda usiku kadhaa.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, azima mita ndogo ya kuchomeka ukutani inayohesabu wati-saa, yaani wati mara saa, kama ile 720 yako. Usiku mmoja mume wako alale na joto, usiku wa pili bila joto, nawe asubuhi uandike namba. Namba hizo mbili zina faida kuliko maneno ya fundi yeyote, mimi nikiwemo.

Kisanduku cha kompyuta kiache. Ndani yake mara nyingi kuna betri ya volti 12 na Ah 7, ambazo ni wati-saa 84 kwenye karatasi na pungufu zaidi katika matumizi, na sehemu yake inaliwa na kisanduku chenyewe. Kimetengenezwa ili uhifadhi kazi yako na kuzima kompyuta, hakikutengenezwa kumlaza mtu hadi asubuhi.

Hata kigeuzi cha wati 1000 ni mzigo usio wa lazima. Kigeuzi kikubwa kinaweza kula wati 10 au zaidi kikiwa kimewashwa tu, hata kama hakuna kilichochomekwa. Kwa saa 8 hizo ni wati-saa 80, pengine zaidi ya zile ambazo mashine ya mume wako inatumia bila joto. Kisha angalia safari yenyewe: unatoa umeme kwenye betri ya volti 12, unaupandisha hadi volti 220, halafu chaja inaushusha tena hadi volti 24. Kila hatua inatoza ushuru wake. Watengenezaji wengi wa mashine hizi huuza waya wa gari unaopokea volti 12 na kutoa volti ambazo mashine inazihitaji. Nunua ule uliotengenezwa kwa ajili ya modeli yenu, na usikubali fundi akate waya wa chaja na kuunganisha kwa kukisia, kwa sababu baadhi ya mashine zinataka volti 24 na nyingine 12, na kukosea hapo ni kuiua mashine.

Kuhusu ukubwa, usihesabu usiku mmoja. Sisi wa Bukavu tuna mabwawa ya umeme ya Ruzizi I na Ruzizi II hapa mlangoni, lakini tunajua jinsi plastiki zinazoletwa na ziwa zinavyoziba mitambo ya Ruzizi I, na hitilafu ya namna hiyo haingoji kutengenezwa kabla hujalala. Mimi huhesabu usiku 3 kwa uchache.

Kasapa60, Lubumbashi

Dada, mimi natumia mashine kama hiyo mwaka wa nne sasa, na naafiki karibu yote aliyosema Ndugu FundiJua, isipokuwa neno moja: kuzima joto ni rahisi kwenu mnaokaa kando ya ziwa. Kwetu, mwezi wa sita na wa saba, baridi ni kavu kiasi kwamba nikilala bila unyevu naamka pua imeziba na ulimi umekauka kama ubao. Nilichojifunza ni kwamba si lazima kuchagua kati ya joto lote na ukavu mtupu. Acha maji ndani ya chombo, zima sahani ya joto tu. Hewa ikipita juu ya maji yasiyopashwa bado hubeba unyevu kidogo. Usiku wa kawaida, moto ukiwepo, naweka joto ngazi ya 2 badala ya 5.

Jambo la pili limenigharimu. Nilinunua kigeuzi cha bei nafuu sokoni bila kujua kwamba viko vya aina mbili: vinavyotoa wimbi laini la umeme kama la ukutani, na vinavyotoa wimbi la ngazingazi. Changu kilikuwa cha pili. Usiku wa kwanza chaja ilianza kuvuma kama nyuki ndani ya chupa. Nikasema ni ugeni. Usiku wa nne nilisikia harufu ya plastiki, na asubuhi sahani ya maji haikupata joto tena. Muuzaji alinieleza kwamba kigeuzi chenyewe ni kizima, na kweli kilikuwa kizima. Kama utalazimika kutumia kigeuzi, dai cha wimbi laini na usikubali kuambiwa kwamba vyote ni sawa.

Muuguzi_Bagira

Mama, nitaongeza yanayohusu mgonjwa, kwa kuwa mafundi wamekwisha kuzungumzia waya.

Grupu likiwashwa usiku lisikae ndani ya nyumba, wala barazani, wala chini ya dirisha la chumba cha kulala. Moshi wake una hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyelala hapati onyo lolote. Na mfikirie anayevaa maski: mashine inavuta hewa ya chumba chenu na kumsukumia moja kwa moja. Mimi singeshauri grupu kwa kazi hii, hata petroli ingekuwa ya bure.

Moto ukikatika na betri haipo, avue maski. Maski za uso mzima huwa na kilango kinachofunguka mashine ikizima, lakini si vizuri kuendelea kulala nayo. Usiku huo alale ubavu, kichwa na kifua vimeinuliwa kwa mito, na asiguse pombe wala dawa za usingizi. Kwa watu wengi usiku mmoja bila mashine ni uchovu wa kesho yake na wala si hatari ya papo hapo. Asiendeshe gari akiwa anasinzia. Hata hivyo, kama daktari alimwandikia pia oksijeni, au kama mashine yake ni ile yenye shinikizo mbili kwa sababu ya ugonjwa wa mapafu, rudi kwa daktari huyo kabla ya kupanga betri. Mashine ya kutengeneza oksijeni hula mamia ya wati, na hesabu hizi zote zinavunjika.

MamaIbanda, Bukavu

Nawashukuru sana. Hana oksijeni, ni CPAP ya kawaida. Nimepata mita, na namba zimenishangaza: usiku wa joto tulitumia wati-saa 352, usiku bila joto 61. Mume wangu anasema hakuona tofauti kubwa, ila pua ilikuwa baridi kidogo alfajiri.

Sasa naonyeshwa betri mbili: ya asidi Ah 100, na ya lithiamu fosfeti Ah 50, ambayo ni ghali zaidi kidogo. Yoyote kati ya hizo, pamoja na chaja na waya, inaingia katika pesa zetu, bila pano. Je, kubwa si bora? Na bila pano nitaijazaje?

FundiJua, Bukavu

Hapana, Mama. Ya asidi ina wati-saa 1200, lakini ukitaka idumu usishuke chini ya nusu, kwa hiyo unabaki na 600. Ya lithiamu ina 640, kwa kuwa volti zake ni 12.8, na unaweza kutumia asilimia 80 bila kuiumiza, yaani kama 510. Karibu ziko sawa leo. Baada ya miaka mitatu hazitakuwa sawa hata kidogo, maana ya asidi huchoka mapema. Pia ya asidi inayoongezwa maji hutoa hewa inayoshika moto wakati wa kuchajiwa, nami sitaki ikae chumbani.

Kwa wati-saa 61, ukiongeza upotevu wa waya tuseme 70, una usiku 7. Ukiwasha joto una mmoja tu, kwa hiyo joto liwe la siku zenye moto. Chaja ya ampea 10 iliyotengenezwa kwa lithiamu itarudisha matumizi ya usiku mmoja katika muda usiozidi saa moja, na itajaza betri tupu kwa kama saa 5. Pano moja ya wati 100 mtanunua mkipata pesa nyingine.

Mambo mawili wakati wa kufunga. Weka fyuzi ya ampea 10 karibu kabisa na ncha ya chanya ya betri. Halafu mashine ichomekwe kwenye betri kila usiku, moto uwepo usiwepo, na chaja ya betri ndiyo ikae ukutani. Hivyo moto ukikatika hakuna swichi ya kukumbuka.

MamaIbanda, Bukavu

Imefungwa tangu Jumamosi. Jana moto ulikatika. Nilijua kwa sababu friji ilinyamaza. Mashine haikunyamaza, nami sikumwamsha.