Namba 2147483647 ilithibitishwaje kuwa tasa bila mashine?

Mwanafunzi wa Ibanda:
Ndugu wasomaji, jana jioni umeme ulipokatika hapa Bukavu, mimi na kaka yangu tulibishana juu ya 2147483647, yaani 2 kwa kipeo cha 31 ukitoa 1. Mwanahisabati Euler aliithibitisha kuwa tasa, yaani haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe, mwaka 1772. Je, aliigawa kwa kila namba tasa isiyozidi kipeuo chake cha pili, ambacho ni karibu 46341?

Mwalimu wa hesabu, Kadutu:
La, mdogo wangu. Hiyo ingekuwa kazi ya maelfu ya migawanyo. Kwa kuwa 31 yenyewe ni tasa, kigawo chochote tasa cha namba hiyo lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 62, na kibakize 1 au 7 kikigawanywa kwa 8. Ukiunganisha masharti hayo mawili, unabaki na namba za umbo 248k + 1 au 248k + 63 tu (k ni namba nzima), na zilizo tasa miongoni mwake, zisizozidi 46341, hazifiki mia moja. Anza na 311, halafu umpe kaka yako zinazofuata (kalamu na daftari havihitaji umeme).

Dada wa Goma:
Naongeza tahadhari: kipeo kuwa tasa hakutoshi, kwani 2 kwa kipeo cha 11 ukitoa 1 ni 2047, ambayo ni 23 mara 89.

Mwanafunzi wa Ibanda:
Asante, mwalimu. 311 imebakiza baki, nasi tunaendelea.